Insha Imetumwa, Sasa Nini? Kufuatilia Matokeo na Kufika Kwenye Hafla ya Tuzo

Mwongozo huu ni wa mwalimu mlezi na mzazi wa Dodoma au Singida ambaye mwanafunzi wake ameshiriki shindano la kitaifa la uandishi. Namna ya kuandika insha haimo humu. Tunaanzia pale bahasha inapotoka mkononi, maana huko ndiko mambo mengi yanakoharibikia: kamati inapiga simu haipokelewi, jina lililo kwenye hundi silo lililo benki, barua ya mwaliko inalala masijala ya halmashauri mpaka hafla inapita.

Hatua ya 1: Fungua faili siku ileile ya kutuma

Faili moja la kadibodi kwa kila mshiriki linatosha. Weka kopi ya insha kama ilivyotumwa, si rasimu ya mwisho uliyonayo kwenye kompyuta, kwani mara nyingi kuna sentensi zilizobadilishwa dakika za mwisho. Weka tangazo la shindano lenye masharti yake yote. Weka risiti ya EMS (huduma ya haraka ya Posta), au kopi ya ukurasa wa daftari la dispachi wenye sahihi, tarehe na muhuri wa aliyepokea. Kama ilitumwa kwa baruapepe, chapisha ukurasa unaoonyesha saa na anwani iliyotumiwa. Ongeza kopi ya cheti cha kuzaliwa na namba ya PReM, yaani namba ya utambulisho ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani. Usizitupe rasimu za mkono. Zitahitajika kwenye hatua ya 4.

Kisha linganisha majina. Jina lililo kwenye insha, lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na lililo kwenye rekodi za shule yawe sawa herufi kwa herufi, yote matatu na kwa mpangilio uleule. Mkoani kwetu tatizo kubwa ni majina yenye ng'. Mwang'onda akiandikwa Mwangonda kwenye fomu, mkononi utapata cheti cha Mwangonda na malipo ya Mwangonda, na karani wa benki hataki kusikia kwamba ni mtu yuleyule. Majina ya ukoo ya Kigogo na Kinyaturu yaliyoandikwa kwa kusikia tangu darasa la kwanza nayo yaangalie vizuri. Ukiona tofauti, iandikie kamati barua ya kusahihisha sasa hivi, kabla ya matokeo. Marekebisho baada ya mshindi kutangazwa yanaonekana kama ujanja hata kama ni halali.

Hatua ya 2: Simu tatu, si moja

Fomu nyingi zina nafasi ya namba moja tu ya simu. Andika namba ya mkuu wa shule hapo, halafu kwenye barua ya kuambatanisha ongeza ya mwalimu mlezi na ya mzazi. Mwanafunzi wa bweni hana simu. Mwalimu mlezi anaweza kupata uhamisho wa kwenda Tandahimba katikati ya muhula. Mzazi wa Kibakwe au Mkalama anaweza kuwa mahali ambapo mtandao unashika kwenye kichuguu kimoja tu, tena jioni. Na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, baadaye ikapewa mtu mwingine. Mtu huyo akipigiwa na kamati atasema hamjui mtoto huyo, na atakuwa anasema kweli.

Baruapepe iwe ya shule, si ya mwalimu binafsi. Nywila iandikwe na kutunzwa na mkuu wa shule. Mtu mmoja apangiwe kuifungua kila Jumatatu na Alhamisi, akiangalia pia folda ya spamu, kwa sababu barua zenye viambatisho vikubwa huangukia huko.

Kama mshiriki yuko kidato cha nne au cha sita, kazi inaongezeka. Wa kidato cha nne hufanya mtihani Novemba na kuondoka shuleni. Wa kidato cha sita humaliza Mei, na anaweza kuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria wakati jina lake linatangazwa. Kabla hajafunga sanduku lake, chukua namba za ndugu wawili, jina la kijiji na kitongoji, na namba ya mtendaji wa kijiji. Akiitwa kwenye hafla akiwa kambini, barua ya mwaliko ndiyo ya kupeleka kwa mkuu wa kikosi kuombea ruhusa. Simu ya mwalimu peke yake haimtoi mtu kambini.

Hatua ya 3: Jua saa ya shindano lenu

Kila shindano lina mwendo wake, na kungoja bila kuujua mwendo huo ndiko kunakochosha.

Shindano la insha la SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, kwa shule za sekondari lina ngazi mbili. Kitaifa hupatikana washindi watatu, ambao zawadi zao zimezoeleka kuwa dola za Marekani 500, 300 na 200. Insha zao ndizo zinazokwenda kushindanishwa kikanda, ambako zawadi ni dola 1,500, 1,000 na 750, na kutangazwa kwake huambatana na mkutano wa wakuu wa nchi wa mwezi Agosti. Maana yake, aliyeshinda kitaifa bado yumo mashindanoni. Asiisambaze insha yake kwenye makundi ya WhatsApp, na simu zile tatu zibaki hewani.

Shindano la kimataifa la uandishi wa barua la Umoja wa Posta Duniani, lililoanza mwaka 1971, ni la watoto wa miaka 9 hadi 15. Kila nchi huchuja za kwake na kupeleka barua moja tu huko Bern, Uswisi. Kwa hiyo kuna matokeo ya nchi na matokeo ya dunia, na hayatoki siku moja. Siku ya kuiwekea alama kwenye kalenda ni 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, si ya wanafunzi peke yao, lakini yupo mwanafunzi anayeandika ushairi au hadithi fupi ya kiwango hicho. Hafla yake hufungamana na 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Aprili ni masika. Ukisafiri kutoka vijijini kwenda hafla ya mwezi huo, hesabu na makorongo.

Mashindano ya taasisi nyingine mara nyingi hutangaza washindi kwenye maadhimisho yao: 16 Juni kwa mambo ya watoto, 7 Julai kwa Kiswahili, 10 Desemba kwa haki za binadamu. Ukijua shindano limefungwa kwenye siku ipi, unajua hata mwezi wa kuanza kutafuta nauli.

Katikati ya kungoja, usiipeleke insha ileile kwenye shindano jingine. Masharti mengi yanataka kazi isiyochapishwa na isiyoshindanishwa kwingine, na ikigundulika unapoteza kote kuwili.

Hatua ya 4: Kuulizia bila kuwa kero

Tangazo likisema matokeo yatatoka tarehe fulani, subiri wiki mbili baada ya tarehe hiyo. Lisiposema, uliza mara moja kwa mwezi, si zaidi. Anza kwa afisa elimu sekondari wa wilaya, kwa sababu barua nyingi za serikali kuu hupitia mkoani kisha wilayani. Mara nyingi jibu limeshafika na limekaa masijala. Uliza kwa kumbukumbu namba ya tangazo. Karani wa masijala hatafuti "ile barua ya mashindano"; anatafuta namba.

Ujumbe wa kuulizia uwe mfupi na wenye kila kitu, aupokeaye asilazimike kuuliza swali la pili:

"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mlezi, Shule ya Sekondari (jina), Wilaya ya Chemba. Tuliwasilisha insha 4 tarehe 28 Machi kwa EMS, risiti namba (namba). Naomba kufahamu kama zilipokelewa na kama matokeo yameshatolewa. Simu ya mkuu wa shule ni (namba). Ahsante."

Usiulize alama. Kamati nyingi hazizitoi, na swali hilo linafanya hata la kwanza lisijibiwe. Usimtume mwanafunzi kuuliza. Na usifunge safari hadi Mtumba, ziliko ofisi za wizara, kwa matumaini ya kumkuta mtu. Getini utaulizwa unakwenda kwa nani na kwa barua gani.

Baadhi ya kamati, kabla ya kutangaza, hupiga simu ya uhakiki na kuomba kuongea na mwanafunzi mwenyewe. Tangu akili mnemba iingie kwenye simu za watu, uhakiki wa namna hii ni wa kutarajiwa. Huulizwa maswali mepesi kwa aliyeandika: kwa nini ulichagua mfano huu, neno hili la aya ya tatu umelitumia kwa maana gani, takwimu hii uliitoa wapi. Mpe mwanafunzi kopi yake aisome tena kila baada ya wiki chache, na rasimu za mkono ziwe tayari kupigwa picha na kutumwa. Mwalimu aliyemwandikia mtoto insha nzima huumbukia hapa, na mtoto ndiye anayebaki na aibu.

Hatua ya 5: Habari njema ikifika, ihakiki

Ujumbe wa "hongera, umeshinda" unaodai utume hela ya kuchakata zawadi, ya kodi au ya kusafirishia kombe ni wa matapeli, hata ukiwa na jina kamili la mtoto. Majina ya washiriki huonekana na watu wengi. Usipige namba iliyo ndani ya ujumbe huo; piga ile iliyo kwenye tangazo lililomo failini. Ukithibitika ni utapeli, usambaze kwenda 15040, namba ya kuripotia ujumbe wa kitapeli, kisha endelea na shughuli zako.

Mwambie mwanafunzi baada ya kuthibitisha, si kabla. Kumtangazia mtoto mstarini asubuhi halafu kumwambia jioni kwamba ilikuwa uongo ni jambo asilolisahau.

Hatua ya 6: Isome barua ya mwaliko kwa kalamu mkononi

Pigia mstari tarehe, saa ya kufika (siyo ya kuanza), ukumbi, idadi ya wanaoruhusiwa kumsindikiza, mavazi, na nani analipa nauli na malazi. Kisichoandikwa, kipigie simu. Hasa gharama: "mnakaribishwa" haimaanishi "mtagharamiwa". Uliza kama nauli inalipwa kabla au inarejeshwa kwa kuonyesha tiketi, na kama inarejeshwa, tunza kila tiketi hata ya daladala yenye risiti.

Saa inawakosesha watu hafla kuliko foleni. Barua ikisema "saa 9:00", yupo aliyeandika akiwa na maana ya saa tatu asubuhi kwa kufuata saa ya kompyuta, na yupo aliyemaanisha saa tisa alasiri. Uliza kwa maneno: "Ni asubuhi au alasiri?"

Baada ya hapo, vibali. Mwalimu anahitaji ruhusa ya kutoka kituo cha kazi, mwanafunzi anahitaji barua ya mkuu wa shule, na mzazi aandike kwa mkono wake kwamba ameridhia mtoto kusafiri na kupigwa picha. Mwanafunzi wa kike asindikizwe na mwalimu wa kike au mzazi wake. Shule isiyo na mwalimu wa kike mwenye nafasi iazime kutoka shule jirani. Hilo linawezekana, linataka tu simu ya mapema.

Hatua ya 7: Safari

Hafla nyingi za wizara siku hizi zinafanyika Dodoma, na wengi wakiona "Dodoma" wanadhani wamefika. Jiji hili limetawanyika. Mji wa Serikali Mtumba uko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Anayetoka Mpwapwa au Kongwa anaupita kabla hajaingia mjini, kwa hiyo amwambie kondakta amshushe hapo badala ya kwenda hadi stendi ya Nanenane na kurudi nyuma kwa bodaboda. Anayetoka Bahi, Manyoni au Singida anaingilia upande wa pili, ni lazima aukate mji wote, na vivyo hivyo wa Kondoa na Chemba anayeshuka kutoka kaskazini. Mwaliko ukisema "UDOM" tu, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, uliza ni ndaki gani na ukumbi gani. Chuo hicho kimekaa juu ya vilima, kutoka ndaki moja hadi nyingine si mwendo wa kutembea na viatu vya hafla. Ukumbi wa Jakaya Kikwete una faida moja: kila dereva wa bajaji anaujua.

Kanuni yetu ni nyepesi. Kama unatakiwa kufika saa mbili au tatu asubuhi na uko zaidi ya kilomita 100 kutoka ukumbini, lala Dodoma. Kondoa ni kama kilomita 160, Singida mjini kama 240. Basi la alfajiri linaweza kukufikisha kwa wakati, na linaweza kupata pancha Bahi. Malazi ya bei nafuu na salama kwa mwanafunzi ni kwa ndugu, au bweni la shule ya sekondari ya mjini iliyoombwa kwa barua ya mkuu kwa mkuu.

Hafla ikiwa Dar es Salaam, treni ya kisasa ya SGR ndiyo njia ya kupendelea tangu ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Inakushusha katikati ya jiji, wakati basi linakuacha stendi ya Mbezi, pembeni mwa jiji, na bado una safari nyingine ya kuingia mjini. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho, kwa hiyo beba kitambulisho cha shule na barua ya mkuu wa shule, na ukate mapema kama hafla iko karibu na sikukuu. Wa Singida na Manyoni watakuja kwa basi hadi Dodoma kwanza. Usipange basi na treni zishikane kwa saa moja.

Hatua ya 8: Ukumbini

Sare kamili ya shule, labda mwaliko useme vingine. Sweta pia, kwa sababu viyoyozi vya kumbi hizi havina huruma na Juni na Julai Dodoma ni baridi yenye upepo. Viatu vitang'arishwa mlangoni, si nyumbani. Vumbi letu mnalijua. Kitambaa kidogo na kopo la kiwi kwenye mkoba wa mwalimu vinamaliza shida hiyo kwa dakika mbili. Mtoto ale kabla ya kuingia. Ratiba inaweza kuonyesha chakula saa saba, lakini hotuba ndizo zinazoamua.

Fikeni dakika 90 kabla mgeni rasmi hajaingia. Akiwa kiongozi wa kitaifa kuna ukaguzi mlangoni, na akishaingia milango inaweza kufungwa. Dakika hizo zina kazi tatu. Kwanza, nenda meza ya usajili usome jina la mwanafunzi kwenye orodha kwa macho yako; kosa likionekana saa mbili na nusu bado cheti kinaweza kuchapishwa upya. Pili, mtafute mshereheshaji umtamkie jina la mtoto na la shule. Hajui kwamba ng' inatamkwa vipi kwenye jina hilo. Tatu, mwanafunzi aonyeshwe njia ya kwenda meza kuu na ya kurudi, ngazi ziko upande gani, na anayemtangulia ni nani.

Kutakuwa na Wimbo wa Taifa na mara nyingi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki; ule wa pili wengi wanaukwepa kwa kugugumia, bora mtoto wako aujue. Jina likiitwa, anatembea kawaida, hakimbii. Anainama kidogo mbele ya mgeni rasmi, anapeana naye mkono wa kulia, anapokea cheti, na wote wawili wanageukia kamera. Watoto wengi huchomoka hapo kabla ya picha. Mwambie ahesabu moja hadi tano kimoyomoyo akiwa bado ameshika cheti. Akipewa hundi ya mfano, lile kadi kubwa, ajue si ya kupeleka benki.

Waandishi wa habari watamuuliza insha ilihusu nini. Aandae sentensi tatu: mada, hoja yake, na mfano mmoja wa alikotoka. "Namshukuru mwalimu wangu" iwe ya nne. Ikiwa ya kwanza, ndiyo itakayorushwa peke yake.

Hatua ya 9: Cheti na hela

Kabla ya kuondoka ukumbini, soma cheti neno kwa neno na mwombe mratibu akupe jina la mtu wa malipo na namba yake. Hela kwa kawaida huingizwa benki baadaye. Mtoto chini ya miaka 18 hufunguliwa akaunti ya mtoto inayosimamiwa na mzazi au mlezi; benki itataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha NIDA cha mzazi na picha. Ifungueni mara tu mwaliko unapothibitishwa, ili namba ya akaunti iwe tayari kuandikwa kwenye fomu siku ya hafla. Akaunti ya mwalimu isitumike hata kwa nia njema kabisa. Hela ya mtoto ikipita huko, hata shilingi 5,000 ya makato italeta maneno kijijini.

Kama zawadi ina fungu la shule na la mwanafunzi, mkuu wa shule na mzazi waandikiane kabla ya safari nani anapata nini. Vitabu na kompyuta za shule ziingizwe kwenye leja ya shule wiki hiyohiyo.

Cheti usikipige lamineshani, kwa sababu hakitaweza kugongwa muhuri tena. Toa kopi tatu, zithibitishwe kwa wakili au hakimu, moja ibaki kwenye faili la mwanafunzi shuleni. Malipo yasipoonekana kwa siku 30, mkuu wa shule aandike barua yenye kumbukumbu namba ya mwaliko, kopi ya cheti na namba ya akaunti, na kopi yake ipite kwa afisa elimu wa wilaya.

Asiposhinda

Mwombe mratibu akuthibitishie kama insha ilipokelewa na kama iliondolewa kwa kosa la masharti. Hilo hulijibu kwa urahisi kuliko alama. Kuzidi idadi ya maneno, kukosa muhuri wa shule na umri usiolingana ni mambo ya kurekebisha mwaka ujao bila kumgusa mtoto. Kama hakuna kosa la namna hiyo, mpe mshiriki insha yake na, kamati ikizichapisha, insha za washindi, azisome mwenyewe kwanza kabla ya wewe kuzizungumzia.